Rekodi za Kutafuta Mtoto, Zikitazamwa kutoka Kuluba

Tarehe 29 Novemba 2023 Safina Namukwaya, mwanamke wa upande wa Masaka, alijifungua pacha wa mimba ya kupandikizwa, kwa upasuaji, katika hospitali ya Women's Hospital International and Fertility Centre, Bukoto, Kampala. Mvulana na msichana. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 70. Habari ya namna hiyo haingoji basi. Kabla pacha hawajatolewa kwenye mashine ya joto, dunia nzima ilikuwa imeshaipata, na kila baraza lilikuwa na wasemaji wake: wa kuita muujiza, wa kuita mkosi, na wale waliotaka kujua jambo moja tu, imegharimu kiasi gani.

Swali la hao wa mwisho ndilo zito. Kuluba ni kaunti ndogo ya wilaya ya Koboko, kwenye pembe ile Uganda inapopakana na Kongo na Sudan Kusini. Anayetoka huko kwenda Bukoto anapita Koboko mjini, Arua na Nebbi, anavuka Nile pale Pakwach, anaivuka tena Karuma, na mpaka aione Kampala ameshamaliza zaidi ya kilomita 500. Lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba imepunguza vumbi na saa za njiani. Umbali uko palepale. Na kupandikiza mimba si jambo la safari moja. Kuna vipimo, kuna sindano za kila siku kwa muda wa kama wiki mbili, kuna siku ya kuvuna mayai, siku ya kupandikiza, kisha wiki mbili nyingine za kusubiri kabla ya kujua.

Magazeti huipenda fani hii kwa rekodi zake: mzee kuliko wote, wengi kuliko wote, aliyekaa kwenye barafu kuliko wote. Nimezikusanya hapa pamoja na nyingine ambazo hazikupigiwa tarumbeta na yeyote, nikazipima kwa kipimo kimoja: ipi ingewafaa mke na mume wa Kuluba walio mwaka wa tano bila mtoto.

Mzee kuliko wote

Kwa dunia nzima Namukwaya hashiki namba moja. Septemba 2019 Erramatti Mangayamma alijifungua pacha wa kike katika jimbo la Andhra Pradesh, India. Umri wake ulitajwa kuwa miaka 73 au 74, kutegemea nani anahesabu. Kabla yao alikuwapo Mhispania María del Carmen Bousada, aliyejifungua Barcelona mwishoni mwa Desemba 2006 akiwa amebakiza siku saba tu kutimiza miaka 67. Kliniki iliyompandikizia ilikuwa California, na yeye aliwaambia ana miaka 55. Alifariki kwa saratani mwaka 2009, watoto wake wakiwa hawajafika miaka mitatu.

Katika habari za pacha wa Kampala, jambo moja lilisukumwa hadi aya za chini: yai. Dkt. Edward Tamale Sali, mwenye hospitali ile, hakulificha. Alisema wazi kwamba yai lilitolewa na mwanamke mwingine na mbegu zikawa za mwenzi wa Namukwaya. Hapo ndipo penye ufunguo wa rekodi zote za uzee. Mtoto wa kike huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, na akiba hiyo huzeeka pamoja naye. Akipita miaka 35 ubora wake huanza kuteremka kwa kasi. Akipita 40, mayai mengi aliyobaki nayo yana hitilafu za kromosomu, na kiinitete chenye hitilafu hizo ama hakishiki au hutoka mapema. Mji wa mimba hauna haraka hiyo. Ukiamshwa kwa homoni unaweza kupokea kiinitete hata baada ya hedhi kukoma miaka mingi. Kwa hiyo umri unaotabiri kama mimba itashika ni umri wa aliyetoa yai, na huo gazeti haliutaji.

Visivyosamehe umri ni moyo, figo na mishipa ya damu. Mwanamke wa miaka 70 aliyebeba pacha yuko kwenye hatari kubwa ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba, na watoto wa mimba za namna hiyo mara nyingi huja kabla ya siku zao, kama walivyokuja hawa. Namukwaya alikuwa ameshapata binti mwaka 2020 katika hospitali hiyohiyo, naye aliwaeleza waandishi wa habari jinsi alivyodharauliwa kwa kukosa mtoto. Mimi simlaumu. Katika nchi ambayo wastani wa watoto kwa mwanamke ni 5.2, kwa hesabu ya mwaka 2022, kukosa hata mmoja ni adhabu ya kila siku: harusini, msibani, kisimani. Ninayemlaumu ni mhariri aliyemwacha msomaji wa miaka 38, mwenye mayai yake mwenyewe, aende kulala akiamini kwamba bado ana miaka thelathini mbele yake.

Wa kwanza

Jina la Louise Brown linajulikana: alizaliwa Oldham, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, na ndiye binadamu wa kwanza aliyeanzia kwenye kisahani cha maabara. Rekodi ninayoiheshimu mimi ni ya waliomtangulia. Kati ya 1969 na 1978 daktari Patrick Steptoe, mwanasayansi Robert Edwards na Jean Purdy waliwahudumia wanawake 282. Walipanga kuvuna mayai mara 457. Wakafikia kupandikiza viinitete mara 112. Mimba zilizoshika zikawa tano, na waliozaliwa hai wawili.

Wawili, katika wanawake 282. Hesabu hii haikupotea kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeiandika. Jean Purdy alikuwa muuguzi aliyejifunza kazi ya maabara akiwa kazini. Yeye na Edwards walisafiri mara kwa mara kati ya Cambridge na Oldham, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, kwa miaka kadhaa, na katika daftari zao waliandika kila yai, kila saa, kila kushindwa. Ndiye aliyekiona kwanza kiinitete cha Louise kikigawanyika chini ya hadubini. Kibao cha kumbukumbu kilipotayarishwa, Edwards aliwaandikia wakuu wa afya wa Oldham akitaka jina la Purdy liwemo, lakini walikataa. Purdy alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39. Edwards alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2010, wakati wenzake wote wawili wakiwa kaburini.

Wa pili duniani anastahili kusikitikiwa zaidi. Miezi miwili na siku chache tu baada ya Louise, Kolkata, India, daktari Subhash Mukhopadhyay alitangaza mtoto wake wa maabara, tena kutokana na kiinitete kilichogandishwa kwanza, jambo ambalo wengine walilifikia miaka kadhaa baadaye. Kamati ya serikali ilimdhihaki, akazuiwa kwenda nje kueleza kazi yake, akajiua mwaka 1981. India ilikuja kukiri ukweli baada ya mwanasayansi mwingine, T. C. Anand Kumar, kuzisoma nyaraka zake na kusema hadharani kwamba Mukhopadhyay alitangulia.

Afrika ilifuata kwa hatua zake: Afrika Kusini mwaka 1984, Lagos mwaka 1989 kwa mikono ya Osato Giwa-Osagie na Oladapo Ashiru, Kampala mwaka 2004 kwa Tamale Sali, Nairobi Mei 2006 kwa Dkt. Joshua Noreh. Uganda iliitangulia Kenya kwa miaka miwili, na sijui kwa nini hatujigambi kwa hilo zaidi.

Wengi kwa mpigo

Januari 2009, California, Nadya Suleman alijifungua watoto wanane na wote wakaishi. Daktari wake, Michael Kamrava, alikuwa amempandikizia viinitete 12 kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2011 alinyang'anywa leseni. Mei 2021 Halima Cissé wa Mali akaipita rekodi hiyo kule Casablanca: wasichana watano na wavulana wanne, katika wiki ya 30, kila mmoja akiwa na uzito kati ya nusu kilo na kilo moja. Wote tisa walipona, chini ya uangalizi wa makumi ya madaktari na wauguzi na mashine zisizozimika.

Sasa umfikirie mama wa Kuluba aliyepandikizwa viinitete vitatu Kampala, akarudi nyumbani na mimba ya watoto watatu. Uchungu unamshika wiki ya 29, usiku, mvua inanyesha. Hapa mtoto njiti wa kilo moja huokolewa kwa kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, kwa maziwa yanayokamuliwa tone kwa tone na kulishwa kwa mpira wa puani, na kwa umeme kama upo. Wapo wanaopona hivyo, na wauguzi wanaowaokoa wanastahili sifa kuliko Kamrava. Lakini watatu kwa pamoja, kila mmoja akihitaji kifua chake, wakati mama mwenyewe ametoka kwenye upasuaji? Hiyo si rekodi ya kutamaniwa.

Ndiyo maana utafiti ambao ningeutaja kuwa umeokoa watoto wengi kuliko wote katika fani hii hauna picha ya kuuza gazeti. Ulitoka Skandinavia mwaka 2004. Wanawake 661 walio chini ya miaka 36 waligawanywa kwa nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipandikizwa viinitete viwili kwa pamoja. Lingine lilipandikizwa kimoja, na kisiposhika, wakapewa kingine kilichokuwa kimegandishwa. Katika kundi la viwili, asilimia 42.9 walipata angalau mtoto mmoja. Katika kundi la kimoja kimoja, asilimia 38.8. Tofauti ndogo. Halafu tazama mimba za watoto zaidi ya mmoja: asilimia 33.1 dhidi ya 0.8. Kuanzia hapo, nchi zilizokuwa zikihesabu ufanisi kwa idadi ya mimba zikaanza kuhesabu mtoto mmoja, mzima, aliyetimiza miezi yake.

Kwetu hoja ya kupandikiza kimoja ni ngumu kuiuza. Mtu aliyeuza ng'ombe na kipande cha shamba kwa jaribio moja anataka viinitete vyote viingie leo, kwa kuwa pesa ya kesho haipo. Daktari naye anajua kwamba akishindwa, jirani ataambiwa. Nawaelewa wote wawili. Ila gharama ya njiti watatu hailipwi Kampala. Inalipwa Koboko.

Aliyelala kuliko wote

Julai 2025, jimbo la Ohio, Marekani, alizaliwa mtoto kutokana na kiinitete kilichogandishwa Mei 1994. Dada yake wa baba mmoja na mama mmoja alikuwa ameshatimiza miaka 30. Kwa kustaajabisha, rekodi hii haina mpinzani. Kwa kufaa, sina la kuisemea sana. Naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, husimamisha kila kitu, na kilichosimama hakizeeki.

Kugandisha kwenyewe, hata hivyo, kuna habari nzuri. Mwaka 2016 Wachina walitoa matokeo ya wanawake 1,508 wenye ovari za vifuko vingi, wale ambao sindano huweza kuzivimbisha ovari zao hadi maji yakajaa tumboni na mgonjwa akalazwa. Walioahirishiwa, viinitete vyao vikagandishwa na kupandikizwa baadaye mwili ukishatulia, walipata watoto kwa asilimia 49.3, waliopandikizwa papo hapo, asilimia 42. Na ule uvimbe wa hatari ulishuka kutoka asilimia 7.1 hadi 1.3. Je, wanawake wengine wote nao wagandishiwe? Jibu lilikuja mwaka 2018 kutoka hospitali ya My Duc, mji wa Ho Chi Minh, Vietnam: wanawake 782 wasio na tatizo hilo, na hakuna tofauti ya maana. Mji huohuo ulikuja tena mwaka 2021 na wenzi 1,064, ukaonyesha kwamba kuchoma mbegu moja ndani ya yai kwa sindano, utaalamu uliovumbuliwa Brussels na kuzaa matunda mwaka 1992, hakuongezi watoto pale ambapo mbegu za mume hazina kasoro. Na utaalamu huo una bei yake.

Naitaja Vietnam kwa makusudi. Haikuwa nchi tajiri ilipoanza kupandikiza mimba. Ilichokuwa nacho ni nidhamu ya kumpanga kila mgonjwa, kumfuatilia hadi anajifungua, na kuchapisha hata jibu lisilopendeza.

Sare kubwa kuliko zote

Hii ndiyo niipendayo. Mwaka 2003 kikundi cha Israeli kilitangaza kwamba ukiukwangua kidogo utando wa mji wa mimba kwa mrija mwembamba, mwezi mmoja kabla ya kupandikiza, nafasi ya mimba huongezeka karibu mara mbili. Wagonjwa walikuwa wachache, lakini wazo lilivutia: kidonda kidogo huita damu, damu huita uponyaji, na kiinitete hushika vizuri penye ardhi iliyolimwa. Kliniki duniani kote zikaanza kukwangua na kutoza. Wanawake waliuma meno, wakalipa.

Mwaka 2019, baada ya miaka 16 ya kukwangua, watafiti wakiongozwa na Sarah Lensen wa New Zealand walitoa jibu la wanawake 1,364 wa nchi tano. Waliokwanguliwa: asilimia 26.1 walipata mtoto. Wasiokwanguliwa: asilimia 26.1. Hata nukta ya desimali haikupishana. Katika miaka yangu ya kusoma majaribio ya tiba sijaona sare iliyonyooka namna hiyo.

Sare haziishii hapo. Mashine za kupiga picha viinitete usiku na mchana, zinazouzwa kwa maneno matamu kuliko kitu kingine chochote katika maabara hizi, zilijaribiwa Uingereza na Hong Kong kwa washiriki 1,575. Matokeo ya mwaka 2024 hayakuonyesha watoto zaidi. Kupima kromosomu za kila kiinitete kabla ya kukipandikiza, China mwaka 2021, wanawake 1,212: waliopimiwa walipata watoto kwa asilimia 77.2, wasiopimiwa 81.8. Kipimo cha ziada, watoto pungufu kidogo. Nchini Uingereza mamlaka ya usimamizi wa uzazi imeamua kuvipanga vitu hivi kwa rangi, ili mgonjwa ajue kipi kina ushahidi na kipi ni mapambo ya bili. Mgonjwa wa Kampala hana orodha ya namna hiyo mkononi. Anayo karatasi ya bei, na aibu ya kuuliza.

Kwa mtu aliyetoka Kuluba, basi, haya ndiyo matokeo yenye thamani kubwa kuliko ya bibi wa miaka 70: orodha ya mambo ambayo anaweza kuyakataa bila kupoteza mtoto.

Ghali kuliko uwezo

Cape Town, hospitali ya umma ya Groote Schuur, ambako serikali hubeba sehemu ya gharama. Mtafiti Silke Dyer na wenzake waliwafuatilia wenzi 135 waliolipia jaribio moja. Zaidi ya mmoja kati ya watano alitumia asilimia 40 au zaidi ya matumizi yake ya mwaka yasiyo ya chakula. Kwa theluthi iliyo maskini zaidi ilikuwa kama nusu yao. Hapo pana ruzuku, na ni katika nchi tajiri kuliko yetu.

Utafiti mkubwa kuliko wote uliowahi kupita West Nile

Jina la West Nile, eneo letu hili la Koboko na Arua, liliingia kwenye vitabu vya tiba mwaka 1937, damu ya mwanamke mmoja wa Omogo mwenye homa ilipopelekwa kwa watafiti wa homa ya manjano wa Entebbe, wakakuta humo virusi ambavyo sasa vinaua ndege na watu hadi Marekani vikibeba jina la eneo letu. Lakini kwa ukubwa, rekodi ni ya miaka ya 1970. Kati ya 1972 na 1974 kituo cha kimataifa cha utafiti wa saratani cha Lyon, kikiongozwa na Guy de-Thé, kilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, ikahifadhiwa kwenye baridi, kisha wakasubiri kuona nani atapata uvimbe wa taya, saratani ya Burkitt. Wazo hilo lisingewezekana bila daktari Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua (usiichanganye na Kuluba yetu), aliyekuwa ameandika kwa miaka mingi kila mgonjwa, kila kijiji, kila tarehe. Matokeo yalitoka mwaka 1978 katika jarida la Nature na kutia nguvu dai kwamba virusi vya Epstein-Barr vinahusika na saratani hiyo. Mwaka uliofuata vita viliondoa serikali ya Amin, na baada yake sehemu kubwa ya watu wa Koboko na Arua walikuwa wakimbizi ng'ambo ya mpaka.

Nimeileta habari hii kwa sababu moja. Watu husema tafiti za maelfu haziwezi kufanyika vijijini kwetu. Ilishafanyika, kwa daftari na barafu.

Na swali lililobaki, ni tiba ipi inawafaa wanawake wetu, linahitaji ukubwa uleule. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani liliwapima maelfu ya wenzi wasiopata watoto katika nchi 25. Barani Afrika, zaidi ya asilimia 85 ya wanawake walikuwa na tatizo linalotokana na maambukizi. Kwa dunia yote ilikuwa kama theluthi. Kisonono na klamidia hupanda, huiziba mirija ya uzazi, na mara nyingi mwenyewe hajui kitu mpaka aanze kutafuta mtoto. Mengine huingia baada ya kujifungua au mimba kutoka katika mazingira machafu. Historia ya jirani zetu inalisimulia hilo: Wazande wa Uele, kaskazini mwa Kongo, walijulikana tangu enzi za wakoloni kwa uzazi mdogo, na miaka ya 1970 watafiti waliolinganisha Teso na Ankole hapa Uganda waliona kisonono na ugumba vikitembea pamoja.

Sasa yarudie majaribio yote niliyoyataja. Skandinavia, China, Vietnam, New Zealand, Uingereza. Hakuna hata moja lililofanyika Afrika Mashariki. Hakuna aliyepanga kwa nasibu wanawake elfu moja wa Koboko, Yumbe na Arua wenye mirija iliyoharibiwa na maambukizi, akaangalia ni tiba ipi inawapa watoto.

Nafuu kuliko zote

Waholanzi wanashika nafasi ya tatu kwa unafuu. Mwaka 2017 walitoa matokeo ya wanawake 1,119 waliopigwa picha ya eksirei ya mirija. Katika nusu yao dawa ya kuonyesha mirija ilikuwa ya maji. Kwa nusu nyingine ilikuwa mafuta ya mbegu za mpopi yaliyotiwa iodini. Ndani ya miezi sita, asilimia 39.7 ya waliopitishiwa mafuta walikuwa na mimba inayoendelea, dhidi ya 29.1. Kipimo kiligeuka tiba. Tahadhari ni moja, nayo ni kubwa: walioshiriki hawakuwa na dalili za mirija iliyoharibika. Mirija iliyoshikana kwa kisonono cha miaka kumi haizibuliwi na mafuta.

Nafasi ya pili ni ya Genk, Ubelgiji. Daktari Willem Ombelet aliona kwamba maabara ya kawaida inakula mamilioni kwa hewa tu: mitungi ya gesi, mashine za joto, vichujio. Mwanasayansi wa Marekani Jonathan Van Blerkom akambunia njia ya mirija miwili ya kioo iliyofungwa kwa vifuniko vya mpira. Katika mrija mmoja unachanganya asidi ya limau na magadi soda, inatoka gesi ya kaboni dioksaidi. Gesi hiyo inapita kwenye sindano hadi mrija wa pili, wenye majimaji ya kulelea. Ukishatulia, yai na mbegu chache huingizwa kwa sindano kupitia mpira. Mrija haufunguliwi tena mpaka siku ya kupandikiza. Kiinitete hutazamwa kikiwa ndani, kupitia kioo. Joto la nyuzi 37 linatunzwa na kifaa kidogo cha mezani. Mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Genk mwaka 2012, na walipolinganisha viinitete vya mirija na vya maabara ya gharama, vya mirija havikuachwa nyuma. Dawa za kupevusha mayai bado ni pesa, na mwenye kuvuna mayai lazima awe na mkono uliozoea. Lakini ukuta mrefu kuliko zote, ule wa maabara, unashuka hadi kimo ambacho hospitali ya rufaa ya Arua ingeweza kukiruka.

Nafasi ya kwanza ni ya kikombe. Karibu nusu ya wenzi wanaokosa mtoto wana kasoro upande wa mume, pengine peke yake, pengine pamoja na ya mke. Kipimo cha mbegu kinahitaji kikombe safi, hadubini ileile inayotazamia malaria, na mtu aliyefundishwa kuhesabu; mizani ya Shirika la Afya Duniani ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita, ukiacha mwendo na umbo lake. Sampuli ifike mezani ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Kutoka Kuluba hadi Koboko mjini kwa boda boda, kikombe kikiwa mfuko wa ndani wa koti, inawezekana.

Muuguzi akimwuliza mwanamke, "Mama, na mzee naye amepimwa?" jibu la kawaida ni kucheka kidogo na kutazama pembeni. Mama huyo ameshapigwa eksirei, ameshakunywa miti shamba ya pande mbili za mpaka, ameshatajiwa bei ya Kampala. Mzee yuko nje, chini ya mwembe, na kikombe kiko mezani kikiwa kikavu.